Kuhusu chumvi unayotaka kutia kwenye mafuta ya nyonyo

Luleå, Uswidi

Mpendwa Rashidi,

Shikamoo yangu mfikishie mama, na shemeji msalimie sana. Sisi huku tu wazima, baridi ndiyo imeanza.

Umeniuliza kama unaweza kutia kimiminika cha ayoni chochote kwenye mafuta ya nyonyo ili beringi za winchi zisilike. Chochote, hapana. Kimiminika cha ayoni ni chumvi, ila ayoni zake, yaani chembe zenye chaji ya umeme, ni kubwa na hazipangiki vizuri, kwa hiyo haigandi upesi. Chumvi ya mezani huyeyuka kwa nyuzi 801 za Selsiasi. Ile aliyoieleza mkemia Paul Walden mwaka 1914 huyeyuka kwa karibu nyuzi 12. Hiyo ya Walden lakini mafuta yangeikataa, ingetuama chini ya kopo. Inayoingia kwenye mafuta ni kama hizi zetu za fosfoniamu: fosforasi katikati, mikia mitatu ya kaboni 6 na mmoja wa kaboni 14, na mikia hiyo ndiyo inayoficha chaji.

Hata ikishaingia, haitawanyiki ovyo. Maji hupunguza mvutano wa chaji mara 80 hivi, mafuta ya mimea kama mara 3 hadi 5 tu. Basi ayoni hung'ang'aniana, zikaweza kujikusanya vikundi vya nanomita chache, chaji ndani, mikia nje. Wewe utaona chupa safi kabisa! Sisi tunavitambua kwa kupitisha miale ya nyutroni, baada ya kubadilisha haidrojeni ya upande mmoja kwa diteriamu, yaani haidrojeni nzito. Ukibadilisha anioni, yaani ayoni yenye chaji hasi, peke yake, mpangilio huo unaweza kubadilika, pamoja na tabaka linalojijenga juu ya chuma. Na beringi yako inaokolewa na tabaka hilo. Ndiyo maana siridhiki mtu akiniambia asilimia aliyotia bila kunitajia anioni.

Nyonyo nayo ina mambo yake. Karibu asilimia 90 ya asidi zake za mafuta ni risinoleiki, yenye OH (oksijeni na haidrojeni) kwenye kaboni ya 12, na OH hiyo inaweza kushikana na anioni. Usichukue matokeo ya mafuta ya alizeti ukayahamishia kwako.

Tafadhali, chumvi zenye anioni za florini, PF6 na BF4, usiziguse. Zikipata unyevu hutoa asidi ya haidrofloriki, na winchi ya mtumbwi haikosi maji. Heri anioni isiyo na florini, borati ya asidi ya mandeliki. Lakini hata hiyo isimwagike ziwani: mikia ile ile inayoifanya ipatane na mafuta ndiyo inayopenya utando wa seli za viumbe vya majini. Mafuta ya mimea yanayooza yenyewe yakibeba sumu, wavuvi tumewasaidia nini? Mimi naona uanze na kiasi kidogo sana, kwenye winchi iliyo karakana, mbali na maji.

Kabla ya hapo nitumie nusu lita ya nyonyo uliyokamua bila kuichemsha. Nataka kwanza kupima maji yaliyomo.

Rafiki yako,
Zawadi