Majani tunayo, kipimo ndio hatuna

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo moja linanisumbua tangu Novemba. Mimi ni mama wa omena, wale dagaa wa ziwa, hapa Kisumu, nanunua bichi alfajiri, naanika, zingine nauza kwa gorogoro, lile kopo la kupimia, pale soko la Kibuye na zingine napakia kwa pakiti za robo kilo. Sai kila mahali ni kusifu majani, kwa redio, kwa WhatsApp, hadi kwa mikutano ya chama, mara mlonge, mara rozimeri, mara majani ya mpera, ati yanaweza kuchukua nafasi ya zile kemikali za kuhifadhi chakula, na mimi sipingi, juu hata nimejaribu. Lakini hakuna mtu anasema ni gramu ngapi kwa kilo ngapi, na unaweka wakati gani.

Wacha nieleze venye ilienda. Mvua ya Novemba ikianza omena hazikauki vizuri, na mafuta yake huchacha haraka, unafungua gunia unapata ile harufu ya mafuta ya zamani. Nikachukua unga wa mlonge nikakoroga na maji, nikachovya omena beseni mbili kabla ya kuanika. Siku ya tatu za chini zilikuwa zimeota ukungu, na zile za juu zilizopata jua zikaanza kunuka mapema kuliko zile sikuweka chochote. Zenye ukungu nikatupa, zilizobaki zikaenda kwa chakula cha kuku kwa bei ya hasara. Pesa ya fees ya kijana wangu ilikuwa kwa hizo beseni.

Kuna msichana jirani yangu anasomea mambo ya chakula chuoni, ndio akanieleza, na nataka wenzangu pia wajue. Mafuta ya samaki ni ya aina inayoshikwa na hewa upesi, hewa ikigusa kipande kimoja kinawasha cha pili, cha pili kinawasha cha tatu, kama moto kwa nyasi kavu. Majani mengi yana fenoli, na kazi ya fenoli ni kukata njia ya huo moto, hiyo ndiyo watu huita antioksidanti. Sasa mimi nilikosea wapi? Kwanza nilirudisha maji kwa kitu nilikuwa nataka kikauke. Pili, ile rangi ya kijani, klorofili, ikiwa juani huwa yenyewe inasukuma mafuta yaharibike haraka zaidi. Yaani niliweka dawa pamoja na ugonjwa. Mlonge haukuwa na shida, shida ni kwamba niliweka jani zima kama mboga badala ya kile kinachotolewa ndani ya jani.

Na hapo ndio tofauti kubwa iko. Ulaya waliruhusu rozimeri iwekwe kwa chakula mwaka 2010, ina namba yake kabisa, E392, inakaa kwa orodha moja na BHA na BHT, zile kemikali za kiwandani za kuzuia mafuta yasichache. Lakini si rozimeri ya kuchemsha kwa sufuria! Kile kinacholinda mafuta zaidi ni asidi ya kanosiki, na hiyo inapenda mafuta, haipendi maji, kwa hivyo huvutwa kwa alkoholi ama dawa nyingine ya kuyeyusha, inatolewa harufu, halafu inapimwa kwa miligramu kwa kila kilo ya chakula. Miligramu! Na sisi tunaambiwa "weka kidogo". Ile rozimeri watu wa Nakuru wamepanda kama ua nje ya nyumba, nani amewahi kuwaonyesha hiyo kazi?

Upande wa kuua bakteria ni hivyo hivyo. Kivumbasi tunachochoma kufukuza mbu kina mafuta yenye yujenoli, ile ile ya karafuu, ama thimoli, na hizo zinatoboa ngozi ya bakteria mpaka vitu vya ndani vinavuja. Lakini kivumbasi cha kwako na cha kwangu kinaweza kuwa tofauti kabisa, kimoja kimejaa yujenoli na kingine thimoli, kwa hivyo konzi moja ya majani haiwezi kuwa kipimo. Tena kile kiasi kinaua bakteria kwa maabara mara nyingi hakitoshi kwa nyama ama samaki, juu mafuta na protini ya chakula huishika hiyo dawa, na ukiongeza ndio mteja anakuambia omena inanuka kama dawa ya meno.

Kuna wenye watasema ni majani tu, hayawezi kudhuru. Mimi nimezaliwa Busia, na huko hata mtoto anajua kisamvu kibichi kina sumu, lazima kitwangwe na kichemke sana. Cha asili pia kinataka adabu.

Mama mmoja kutoka Nandi tunauza naye hunionyesha kibuyu chake cha mursik, maziwa ya kugandisha, anasugua ndani na mkaa wa mti wa senetwet kabla ya kumwaga maziwa. Si majani, najua, ni mkaa, lakini angalia, anajua mti gani, ukubwa wa kijiti, na mkaa usuguliwe mpaka wapi. Mama yake alimuonyesha kwa mkono. Hicho ndicho kitu nalilia, mtu wa kutuonyesha kwa mkono.

Tangu ile kelele ya 2019 ya nyama kuwekewa sodiamu metabisalfaiti, kemikali ya kuhifadhi, wateja wananiuliza kila siku, "mama, hii umeweka dawa?" Nataka siku moja nijibu ndiyo, nimeweka ya majani, kiasi hiki, na imepimwa. Egerton kule Njoro wana idara ya sayansi ya chakula, Maseno ni karibu tu hapa, KIRDI, ile taasisi ya utafiti wa viwanda, wako Kisumu, chai inachumwa Kericho na Nandi na lile jani bichi lina katekini nyingi, hizo nazo ni fenoli, na watafiti wa chai wa Kericho hata walitoa chai ya zambarau mwaka 2011. Watu wa kazi wako, majani yako. Kaunti ziwaite wakae na sisi, waandike karatasi moja kwa Kiswahili na Dholuo, omena kilo kumi unaweka nini, kiasi gani, kabla ya jua ama baada, na Kebs, wale wa viwango vya bidhaa, waseme mapema ni nini watakubali kwa pakiti ya mfanyabiashara mdogo. Na waandike pia bila kuficha kwamba hakuna jani litafufua omena iliyochacha tayari, wala kuchukua nafasi ya chanja safi na mikono safi, juu kuna wenye watatumia hayo majani kuficha uchafu.

Wakikosa omena za kujaribu nazo, mimi natoa gorogoro kumi bure. Waje Kibuye Jumapili, waulize mama wa omena wa pakiti, wataonyeshwa.

Mama wa omena,
Kibuye, Kisumu