Rukia, anza na maji

Mombasa

Shoga yangu Rukia,

Asalaam aleikum. Huku hatujambo, mama anakusalimia na mguu wake umepata nafuu. Ujumbe wako nimeupata. Unataka nikupakilie madumu ya maji ya bahari kwenye basi la usiku ili uanzishe tangi la matumbawe hapo South C, Nairobi. Maji sikuletei. Nakuandikia kwa urefu kwa sababu natamani sana tangi hilo lisimame, na maji ndiyo mwanzo wake.

Mimi huteka yangu wakati wa bamvua, bahari ikiwa imejaa, tena mbali na mlango wa mto. Masika siteki kabisa, maana mvua huteremsha tope na chumvi hupungua. Wewe uko mbali, huwezi kuchagua siku wala mahali. Nunua chumvi ya unga ya matangi ya bahari, ufuate kipimo kilichoandikwa kwenye ndoo, uiachie pampu iikoroge mpaka kesho yake, kisha upime kwa rifraktomita, kifaa kinachoonyesha chumvi iliyomo majini. Tafuta uzito wa 1.025 au 1.026 ukilinganisha na maji matupu, maji yakiwa kwenye nyuzi 25.

Maji ya kuchanganyia yasiwe ya mfereji. Yana klorini, na yakipita kwenye mabomba huenda yakabeba shaba. Shaba kidogo tu huua kamba, konokono na matumbawe. Ya kisima cha kuchimba usiyaguse, huko Nairobi mengi yana floraidi kupita kiasi. Unachohitaji ni maji ya RO, yaani yaliyosukumwa kupitia utando mwembamba unaozuia madini, kisha yakapitishwa tena kwenye chembe za resini zinazonasa yaliyobaki. Vile vibanda vya kujaza maji ya kunywa huuza ya RO, lakini wengine huongeza madini ili yapate ladha. Nenda na kipima TDS mkononi, kile kinachoonyesha kiasi cha madini yaliyoyeyuka majini. Kikisoma zaidi ya sifuri, maji hayo wape watoto wanywe, tangini yasiingie.

Ukishajaza, weka mawe makavu, mchanga, pampu na hita, halafu tupia chakula kidogo cha samaki kioze humo. Kikioza hutoa amonia. Bakteria wa kwanza huigeuza kuwa naitraiti, wa pili huigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo haina makali hayo. Kazi hii kwa kawaida huchukua wiki nne hadi sita, usiiharakishe. Mwanao Nabil atauliza kila siku samaki wako wapi. Mpe yeye kazi ya kupima na kuandika kwenye daftari: amonia ipande, ishuke, naitraiti ipande, ishuke. Zote mbili zikikaa sifuri, ndipo mzungumze habari ya samaki.

Kuna jambo la huko kwenu ambalo huku halinisumbui. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na maji hushika oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko hapa. Kwa hiyo usimsikilize mwenye duka akikwambia lita 200 zinatosha samaki kumi. Weka wachache, elekeza pampu moja juu ili uso wa maji uchemke daima, na nunua skima nzuri. Skima hupuliza mapovu madogo sana, uchafu hunata kwenye mapovu, hupanda nayo na kumwagika kwenye kikombe cha juu. Ule mchuzi wa kahawia utakaoukuta humo unanuka vibaya, lakini kila ukiumwaga umeondoa kitu ambacho kingeozea ndani.

Usiku ni wa kuogopwa zaidi. Taa zikizimwa, mwani na matumbawe huacha kutoa oksijeni, nayo huanza kuivuta pamoja na samaki. Stima ikikatika saa nane za usiku, pampu zote kimya, samaki wanaweza kufa kabla ya alfajiri. Nunua pampu ya hewa ya betri inayojiwasha yenyewe, hata kabla hujanunua taa. Na kwa baridi ya Julai weka hita mbili ndogo badala ya moja kubwa, ili moja ikikwama katika kuwaka isiweze kupika tangi zima.

Sasa matumbawe yenyewe, Rukia. Ndani ya nyama yake mna mwani mdogo usioonekana kwa macho, nao ndio unaolilisha kwa mwanga. Joto likizidi tumbawe huutoa nje likabaki jeupe. Ndivyo ilivyotokea pwani yetu 1998: bahari ilipata joto, miamba ikageuka myeupe, na matumbawe mengi sana yakafa. Tangini, hita mbovu moja tu yaweza kuleta balaa hilo.

Yale magumu hujenga mifupa yao kwa kalsiamu na alkalini, yaani kaboneti iliyoyeyuka majini. Alkalini huipima mwenyewe kwa kichupa: mililita tano za maji, unadondosha tone, unatikisa, unadondosha jingine, mpaka buluu igeuke manjano ghafla. Hesabu matone, hiyo ndiyo dKH yako, yaani kipimo cha alkalini. Nane au tisa ni sawa. Ikishuka, ipandishe polepole, isizidi moja kwa siku. Tumbawe litavumilia saba na nusu ya kila siku, lakini saba Jumatatu na kumi Jumatano haliwezi. Chumvi nayo ni hivyo hivyo. Maji huvukiza, chumvi hubaki, kwa hiyo kila siku unaongeza maji matupu ya RO, si ya chumvi.

Anza na matumbawe laini, yale ya uyoga. Ukiletewa yale ya vidude vya mviringo vilivyobanana kama vifungo vya shati, vaa glavu na miwani, na jiwe lake usilichemshe wala kulisugua kwa maji ya moto kamwe. Baadhi yana palitoksini, sumu kali mno, na mvuke wake umewalaza watu hospitalini familia nzima.

Nunua vipande vilivyokuzwa tangini, kwa muuzaji mwenye kibali, na kwa yale magumu umwombe akuonyeshe karatasi za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini. Asije mtu akakuuzia jiwe lililong'olewa baharini. Malindi na Watamu zimelindwa tangu 1968, na bado kuna wanaoingia na nyundo. Naumia nikiona. Mwamba uliopona baada ya 1998 si wa kupamba sebule.

Samaki wa anemoni anaowataka Nabil, wale wa chungwa wenye mikanda mitatu, si wa bahari yetu, mmoja wa wetu ana mikanda miwili na anaitwa Amphiprion allardi. Lakini wale wa chungwa huzalishwa tangini, kwa hiyo wachukue wawili wa namna hiyo bila wasiwasi. Yule wa buluu mwenye mkia wa manjano mnyime. Hukua hadi sentimita 30 na anahitaji nafasi ya kuogelea ambayo huna.

Kabla hujalipia chochote, muulize mwenye nyumba kuhusu sakafu. Lita 200 pamoja na vioo, mawe na meza yake hupita kilo 300, nawe uko ghorofa ya tatu. Nitumie picha ya ule ukuta unaoufikiria, na soketi zilipo.

Msalimie shemeji na watoto.

Wasalaam,
Mwanakombo