Barua kwa mwanangu: kabla hujashika trei

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka Temeke. Baba yako hajambo, mguu sasa anaukanyagia. Ujumbe wako niliusoma usiku uleule, ila nikaona nisikujibu kwa simu, maana maneno yangu ni marefu. Unasema kikundi chenu cha ridhaa kitacheza igizo baa ya hapo karibu na chuo, kisa chenyewe ni cha baa, wewe umepewa nafasi ya mhudumu, na unaogopa mama atakasirika. Sijakasirika, mama. Nafasi hiyo niliwahi kuicheza mimi, na sikukuambia.

Ilikuwa mwaka 1994. Siku hizo hapa Dar es Salaam ukitaka maigizo unakwenda baa. Vikundi vya sanaa kama Muungano, TOT na Mandela, vyote vilizunguka kwenye mabaa na kumbi za vinywaji: ngoma, sarakasi, vichekesho, taarab, na igizo ambalo watu walilisubiri hata kama limewakuta saa tano usiku. Sisi tulikuwa vijana tisa wa mtaa mmoja, wengi mafundi cherehani kama mimi, na mwalimu mmoja wa shule ya msingi. Mwenye baa alituazima ua wake bure. Kiingilio hakuna, mradi watu wanywe. Bibi yako, Mungu amrehemu, alikaa wiki nzima hasemi nami. Kwake binti anayepanda jukwaani ni mhuni, na wa baa ndio zaidi.

Igizo letu halikuandikwa. Tulikubaliana kisa, maneno kila mtu akajitafutia papo hapo. Fundi mwashi kapata malipo yake, anaingia baa, ananunulia meza nzima, kisha anasikia mkewe yuko mlangoni. Anatorokea dirishani, bili haijalipwa. Mimi mhudumu nikafanya nilichozoea kuwaona wengine wakifanya: rangi ya mdomo nyekundu, khanga imebana kiuno, natingisha nikipita, namwegemea kila mteja. Wenzangu mazoezini walicheka mpaka machozi.

Hakucheka dada mmoja tu, aliyekuwa akihudumu palepale. Alikuwa akifuta meza kabla wateja hawajaanza kuingia, anatutazama bila neno. Siku ya tatu akaja akanipokonya trei. Akaiweka juu ya kiganja, vidole vimetawanyika chini yake, chupa nzito karibu na kifua, glasi nje. Akaniambia bia haifunguliwi kaunta, unaifungulia mbele ya mteja, aione. Kizibo usikitupe. Akakishika kwa kidole gumba kabla hakijaanguka, akakitia mfuko wa aproni. Nikajaribu mara nne, chupa moja ikanivunjikia miguuni.

Halafu akauliza: "Huyo anayeruka dirisha, bia zake nani anazilipa?" Tukamjibu kuwa hiyo ni hasara ya mwenye baa. Akaingiza mkono mfukoni akamwaga vizibo mezani. Vilikuwa vya jana. Bia alizichukua kaunta kwa jina lake, mteja akaaga anakwenda msalani, basi. Zinakatwa kwenye mshahara. Alikuwa na mtoto wa mwaka mmoja, amemwacha kwa jirani, na jirani naye analipwa.

Nakuambia kweli, niliona aibu ambayo mpaka leo nikiikumbuka naisikia mwilini. Ile sehemu tuliyoipenda kuliko zote, watu wacheke mwanaume anavyokwama dirishani, ilikuwa ndiyo sehemu inayomnyima yule dada kula. Usiku ule tukakaa tukaubadilisha mwisho. Mwashi akikimbia, igizo haliishi. Mhudumu anabaki.

Onyesho lilikuwa Jumamosi. Mwaka ule ulikuwa wa mgawo wa umeme, maji ya bwawa la Mtera yamepungua, na umeme ukakatika mwashi akiwa ndio kwanza anapanda dirisha. Mwenye baa akaleta karabai akaitundika kwenye mwembe. Watu bado wanacheka. Nikakaa kwenye meza ya mwashi, nikatoa vizibo, nikaanza kuvihesabu kwa sauti. Moja. Mbili. Tatu. Nilipofika saba ua ulikuwa kimya, unasikia karabai inavyofoka. Nilipofika kumi na moja, mzee mmoja meza ya nyuma akasema, "Dada, mbili niandikie mimi." Mwingine akasema yeye tatu. Wakaja mmoja mmoja wakaweka pesa kweli mezani, na mimi sikujua nifanye nini, nikaendelea kulia, na kilio kile hakikuwa cha igizo. Pesa ile tuliipeleka kaunta, ikafuta deni la yule dada.

Kwa hiyo, mwanangu, kabla ya mazoezi yenu yajayo nenda hapo baa mchana, wakati hakuna wateja. Msalimie mhudumu, kaa naye, mwombe akufundishe kazi yake. Muulize viatu anavyovaa na kwa nini, saa anazorudi nyumbani, anavyomkwepa mlevi bila kumuudhi. Kama wenzako wanataka utingishe tu watu wacheke, kataa. Waambie mama yangu amekataza, kama huna sababu nyingine.

Na yule dada unamfahamu. Ndiye huyu unayemwita mama mkubwa wa Tandika, aliyekubeba mgongoni nilipolazwa. Nimemsomea ujumbe wako jana, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza nauli ya treni mpaka Morogoro ni shilingi ngapi. Nitumie tarehe mapema tukate tiketi. Amesema atakaa meza ya mbele, anataka kuona unavyoshika kizibo.

Mama yako