Mami, kabla tuende tao kununua hiyo laptopu

Mami wangu,

Najua ukiona ujumbe mrefu hivi utadhani kuna mtu mgonjwa, hakuna, sisi wote tuko sawa, ni hiyo maneno ya laptopu nataka tuongee kabla hujapanda basi kutoka Eldoret. Chama ilinifikia wiki jana, nikapata 90,000, ukiongeza na zile 15,000 zako za kusuka watu nywele huko hosteli inakuwa 105,000, na hiyo ndio pesa yote iko, hakuna ingine imefichwa mahali. Ndio maana nimekaa nikafikiria sana, juu tukikosea hii hatutanunua ingine karibuni.

Kwanza nikuambie kitu. Ile siku nilikutoa kwa banda ya kuchezea PlayStation ukiwa darasa la 6 nikakuvuta mkono mpaka kwa nyumba watu wakiangalia, nilikuwa na uoga, niliona gemu ndio itakuharibia masomo. Sai nimeona ile kazi yako ya animesheni ya kale kamama kanashona, nimeirudia mara kumi, hata vile sindano inashuka na kitambaa kinavutwa umeipata kabisa, na ukaniambia hiyo yote ulianza kupenda kwa sababu ya gemu. Kwa hivyo hii mashine sinunui kwa shingo upande. Cheza gemu zako, fanya na animesheni zako, mimi nataka tu upate mashine ya kweli.

Nimezunguka tao Jumamosi tatu, nikifunga tu stall hapa Uhuru Market napanda matatu naenda Luthuli, narudi Moi Avenue, mpaka zile maduka za juu Kimathi Street. Duka la kwanza kijana ananiambia mama chukua hii, ni Core i7, ni ex-UK safi, imetumika tu Uingereza, kibodi inawaka taa, gemu zote inacheza, 35,000 pekee. Mimi nikapiga picha ya ile stika na ya ile ukurasa ya settings nikapelekea yule kijana wa kutengeneza simu tunapakana naye stall, unamjua, yule hukuita siste. Akaniambia mama Mungu amekusaidia hukulipa. Kumbe hiyo i7 ilikuwa 4600U, ya mwaka wa 2013, iko na core 2, ni kama mafundi wawili ndani ya prosesa, na i5 ya juzi kama ile 12450H iko na core 8. Sasa hiyo jina i7 ni kama mtu kukuambia nguo ni saizi 12 bila kukuambia ni ya mtoto ama ya mtu mzima. Angalia hizo namba zinafuata, hizo za mbele ndio zinasema ni kizazi gani, na herufi ya mwisho, U ni ya kubana stima ya kazi za ofisi, H ndio ya kazi ngumu. Na hizo za zamani ziko na shida ingine, Windows 11 kwa upande wa Intel inataka kuanzia kizazi cha 8, na Windows 10 Microsoft waliacha kuishughulikia tarehe 14 Oktoba 2025, hiyo gemu yako ya Valorant nayo ukiwa kwa Windows 11 inataka TPM 2.0 na Secure Boot, hizo za usalama, ndio ifunguke. Kwa hivyo mtu asikuuzie nostalgia ya watu wa Uingereza na pesa ya mamako.

Na hizo taa za kibodi wachana nazo. Laptopu za ofisi nyingi ziko na taa na hazina kadi ya grafiki hata kidogo.

Hapo kwa kadi ndio pesa yetu inafaa kuenda, na hapo ndio nilikaa sana na yule kijana mpaka nikaelewa, nikakuwa namwambia ngoja, rudia tena polepole. Ukifika kwa duka bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, uende pale pameandikwa Performance, uteremke mpaka GPU, hapo ndio pa grafiki. Ukiona Intel peke yake hiyo haina kadi, ni ile ya ndani ya prosesa. Unataka uone mbili, Intel ama AMD na chini yake NVIDIA, na ubonyeze hiyo ya NVIDIA usome pale pameandikwa Dedicated GPU memory. Usisome Shared, hiyo Shared ni RAM ya kawaida Windows inasema inaweza kuazima, na kuna muuzaji mmoja alinionyesha hiyo hiyo akasema ni grafiki ya GB 8, mimi nikamuangalia tu nikaenda zangu.

Hizo kadi za NVIDIA nazo, RTX 3050 iko ya GB 4 na iko ya GB 6, jina ni moja, kwa hivyo uliza usione haya. RTX 4050 ni GB 6, RTX 4060 ni GB 8 lakini hiyo kwa pesa yetu sikuona mpya. Ya GB 4 sai imebana, gemu mpya zikijaa hapo zinaanza kukwama kwama na kwa Blender, hiyo programu yako ya animesheni, ukiweka sini kubwa inaweza kukwama ama kukataa. Nilitaka tuchukue AMD juu nilisikia ni rahisi, lakini kijana akasema kwa ile injini ya Cycles ya Blender inayotoa picha, hizi RTX zinapiga kazi haraka kwa sababu ya OptiX, ile njia ya NVIDIA ya kuharakisha hiyo kazi, na gemu nazo zinatumia DLSS, hiyo inaongeza fremu, sasa kwa kazi yako nimeona tubaki na NVIDIA.

Halafu mami kuna hii ilinishangaza mpaka nikamwita jirani wa nguo za shule akuje asikie. Kadi mbili zinaweza kuwa na jina moja kabisa na moja inapewa stima kidogo na ingine inapewa nyingi. RTX 4050 ya laptopu inaanzia watt 35 mpaka 115. Thelathini na tano mpaka mia moja na kumi na tano, na zote kwa stika ni 4050! Wale wa laptopu nyembamba wanaipunguzia juu hakuna mahali joto litapitia. Mimi hiyo naielewa vizuri sana, ile cherehani yangu ya zamani na ile ya sai zote zimeandikwa za viwanda, lakini moja ikifika kwa pindo ya jinzi inalia na ingine inapita kama inakata siagi, tofauti ni mota. Ukitaka kuona, fungua NVIDIA Control Panel, pale chini kushoto kuna System Information, utaona maximum graphics power. Ikiwa muuzaji hataki ufungue, rudisha mashine kwa meza tutoke.

RAM iwe GB 16, na iwe vipande viwili vya 8 si kimoja cha 16, viwili vinafanya kazi pamoja na gemu inaenda mbio zaidi. Lakini ukipata iko na 8 na kila kitu kingine ni sawa na bei imeshuka, chukua bora iwe na nafasi ya pili, tutaongeza. Zingine RAM imechomelewa kwa bodi, hiyo huongezi kitu. SSD, pale mafaili yanakaa, usikubali chini ya GB 512, hiyo gemu ya mpira ya FC pekee inataka kama GB 100, weka ingine kubwa moja na Windows na mafaili yako ya Blender, utaona vile inaisha.

Skrini usidanganywe na 144Hz peke yake, ile ya kubadilisha picha mara 144 kwa sekunde, za gemu nyingi siku hizi ziko nayo. Shida ni rangi. Zile za bei ya chini nyingi rangi zimefifia, ukisoma maelezo wanaandika 45% NTSC, hiyo kwa gemu utavumilia lakini kwa kazi ya rangi itakudanganya, utachora nyekundu na mteja aone ingine. Nimekuwekea kipande ya ile kitenge ya maembe na kijani, tutaipiga picha na simu yako, tufungue hiyo picha kwa kila laptopu tunaangalia, tuweke kitambaa kando. Mimi macho yangu ya rangi hayanidanganyi.

Sasa ya joto. Unakumbuka ile ovaloki nilinunua Januari ile ya oda ya sweta za shule? Nilijaribu kwa duka dakika mbili na kitambaa chepesi, ikashona vizuri, nikalipa. Siku ya tatu na sweta nzito ikashika moto ikasimama, na yule aliniuzia akasema ilitoka kwake ikiwa sawa, na sikuwa na risiti. Nilikesha usiku nne kwa mashine ya kuazima ndio nimalize hiyo oda, wewe ndio ulikuwa unanishikia tochi. Siwezi kurudia hiyo na hii pesa. Kwa hivyo hatulipi mpaka gemu nzito icheze hapo kwa duka nusu saa nzima, chaja ikiwa kwa stima, na wewe uwe unaangalia fremu kwa sekunde. Ikianza na 70 na baada ya dakika kumi na tano inaenda 35 hiyo inajibana kwa sababu ya joto. Weka mkono pale feni inatoa hewa, inafaa itoke moto na itoke kwa nguvu, hewa ikiwa hafifu na laptopu yenyewe inachoma hapo ndani kumejaa vumbi ama pasta ya kupoesha prosesa imekauka. Ikiwa ni ya mkono wa pili tufungue pia ile ripoti ya betri, unaandika powercfg /batteryreport kwa ile dirisha nyeusi, inakuonyesha betri ilitoka kiwandani ikiwa na uwezo gani na sai imebaki na gani. Na uzime uwashe tena uingie BIOS, ile menyu ya kabla Windows ifunguke, juu hizi za makampuni zingine zinakuja na paswadi ya watu na hutaitoa.

Chaja iwe yake. Hizi za gemu nyingi zinakuja na ile tofali kubwa ya watt 170, 180 hivi ama zaidi, usikubali wakupatie ya watt 65 ya ofisi eti inaingia, itaingia lakini mashine itakuwa inavuta betri ikiwa bado kwa stima. Na usitarajie kucheza na betri tu, ikitoka kwa stima kadi inapunguzwa nguvu. Nilipiga hesabu, watt 180 kwa masaa 5 ni uniti 0.9, yaani karibu tokeni uniti moja kila siku ukicheza sana, hiyo tunaweza, lakini tununue na gadi, unajua vile stima ya hapa kwetu inapotea ikirudi na kishindo, hiyo ndio ilichoma redio ya shosho.

Kuna watu walinishauri tuchukue ya mkono wa pili yenye RTX 3060, ni GB 6 na iko na nguvu, na sikatai, ukipata safi ni kitu. Lakini mimi nimeamua tuanze na mpya, ata kama ni ya plastiki, juu mpya inakuja na waranti ya mwaka na risiti ya ETR, ile ya ushuru, na wewe huko Eldoret ukiharibikiwa katikati ya semista hakuna mtu atakuletea ingine. Kwa hivyo tunatafuta mpya ya 4050 yenye watt za kutosha, nimeona kwa hizi familia za Lenovo LOQ, HP Victus, Acer Nitro na ASUS TUF, jina lolote kati ya hizo sina shida nalo, tunaangalia ile iko ndani. Bei nimeona inaruka ruka, duka na duka mlango kwa mlango tofauti inafika 8,000 kitu ile ile, kwa hivyo hatununui kwa duka la kwanza. Ikikosekana, 3050 ya GB 6. Ya GB 4 hapana, afadhali tungoje mpaka chama ya mwaka ujao. Na tusimalize zote, tubaki na 6,000 ya gadi, mausi, na ile pad ya FC, juu najua huchezi FC na kibodi.

Yule mtu wa mtandao alikuambia utume deposit akuwekee, usitume hata shilingi, sijali picha ni nzuri aje.

Kufika nyumbani usiwe unaiweka kwa kitanda juu ya blanketi, inavuta hewa na chini, nimekutengenezea kameza kadogo ka mbao kenye mashimo, fundi wa hapa nyuma alinikatia bure nilipomwambia ni yako. Na nimeshona begi, iko na sponji ndani pande zote, haifanani na begi ya laptopu, ni makusudi, hiyo utavaa mbele ukiwa tao usivae mgongoni.

Jumamosi nafunga stall saa sita. Tukutane pale Archives saa saba, ukifika kwanza simama upande wa ndani usitoe simu. Gemu yako uje umeweka kwa flashi tayari, juu intaneti ya maduka hatutangojea GB 100 ishuke. Pesa iko kwa M-Pesa yangu na haitoki mpaka hiyo nusu saa iishe.

Mamako