Mkonga, 110, Prado au Jimny: tazama njia yako kabla ya jina la gari

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nichangie ubishi usiokwisha vijiweni, hasa huku Arusha: kati ya Land Rover na Land Cruiser, gari la porini ni lipi? Ubishi wenyewe ni mtamu, ila humponza mnunuzi. Mtu anatafuta gari la kumpeleka kazini siku tano za wiki na kumfikisha Engaresero au Mtae mara chache kwa mwaka, anaishia kununua gari la kubebea watalii. Hapo gereji inakuwa nyumbani kwake pa pili.

Nianze na kinachoamua gari litapita au halitapita, maana tope likishafika kwenye ekseli, jina lililoandikwa kwenye boneti halina msaada. Difu, yaani gia inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya ekseli moja, ikiwa ya kawaida hupeleka mzunguko kwenye gurudumu lisilo na mzigo. Gurudumu moja likining'inia, hilo ndilo huzunguka, na mwenzake aliyekanyaga chini husimama. Kwa hiyo gari la foo-wili, yaani linalosukumwa na magurudumu yote manne, lisilo na loki za difu linaweza kukwama huku magurudumu mawili yakizunguka bure, moja mbele na moja nyuma, na dereva akaapa kwamba foo-wili imekufa. Haijakufa. Tiba yake ni ekseli inayocheza sana juu na chini ili gurudumu lisiinuke, au loki ya difu inayoyalazimisha magurudumu mawili kuzunguka pamoja, au kompyuta inayolishika breki gurudumu linalozunguka bure ili nguvu ihamie upande wa pili. Ukimlinganisha mshindani mmoja na mwingine, uliza kwanza ana kipi kati ya hivyo.

Land Cruiser mkonga, yaani 76 na 78 zenye injini ya 1HZ, ndiyo gari la kazi. Injini ni ya lita 4.2, silinda sita, haina tabo (feni ya kusukumia hewa ndani ya injini), na pampu yake ya dizeli ni ya mekaniki, kwa hiyo fundi wa Wasso anaitengeneza bila kompyuta. Taimingi belti hubadilishwa kila kilomita 100,000, na taa ya T-BELT huwaka dashibodini kukukumbusha. Ekseli zote mbili ni za chuma kizima; mbele kuna springi za koili tangu 1999, nyuma kuna vyuma bapa vya springi. Vyuma hivyo vimepangwa kwa mzigo. Pakia kilo 500 uone gari linavyotulia. Lipeleke tupu kwenye barabara yenye vimatuta vilivyopangana, kama ile ya kuelekea Naabi, nyuma inaruka na kukimbilia pembeni kila kona. 78 ina matangi mawili ya lita 90 kila moja, na hilo peke yake linatosha kwa mtu anayeishi Loliondo. Kwa anayeishi Kimara halina maana.

Udhaifu wake mwingine ni hewa. Kwa kuwa haina tabo, kwenye ukingo wa Ngorongoro, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, injini inavuta hewa nyepesi, inatoa moshi mweusi na kudai gia ya pili pale ambapo Prado ya dizeli bado iko ya tatu. Mjini inakata kona kwa nusu kipenyo cha mita 6.3 au zaidi, kwa hiyo kwenye maegesho ya Kariakoo utapiga rivasi hadi uchoke. Tena kuna kosa linalojirudia: mkonga nyingi zina hab za mbele, vile viungo vya gurudumu na ekseli, za kufunga kwa mkono. Ukivuta gia ya foo-wili huku hab zimebaki FREE, shafti ya mbele inazunguka bila kupeleka nguvu kwenye matairi. Teremka, zungusha zote mbili hadi LOCK, ndipo uingie kwenye tope. Ukishafika lami kavu toa foo-wili, kwa sababu gari hili halina difu ya kati, ile inayoruhusu ekseli ya mbele na ya nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti. Matairi ya mbele na ya nyuma yakilazimishwa kuzunguka sawa kwenye kona, kinachopasuka ni gia boksi ndogo au jointi.

Land Rover 110 ya zamani, ile iliyoacha kutengenezwa Solihull Januari 2016, inamshinda mkonga kwa jambo moja ambalo mashabiki wa Toyota hawapendi kulikubali: springi za koili pande zote nne. Ekseli zinacheza vizuri, matairi hubaki chini kwenye mawe ya Natron, na abiria wa nyuma hawatoki na maumivu ya kiuno. Gia ya chini, ile ya nguvu na mwendo wa pole, inapunguza mwendo mara 3.3, wakati ya Prado ni kama mara 2.5 na ya Jimny mara 2. Kwenye mteremko wa Seneto, wa kushukia kreta ya Ngorongoro, tofauti hiyo unaisikia: 110 ikiwa gia ya kwanza ya chini inashuka yenyewe bila mguu kugusa breki, ilhali Prado ya otomatiki inaendelea kusukuma na dereva asiyejua anachemsha breki kabla ya kufika chini.

Hata hivyo 110 muda wote iko kwenye foo-wili na ina difu ya kati. Isipofungwa, gurudumu moja tu likipoteza mshiko gari zima linasimama. Wengi hawajui kwamba lile rungu fupi la gia ya chini, mbali na kwenda mbele na nyuma, husukumwa pembeni kufunga difu hiyo ya kati, na taa ya dashibodi huwaka. Fungia kabla ya kuingia kwenye utelezi. Ukingoja hadi gurudumu linazunguka kwa kasi ndipo ufunge, unaweza kuvunja meno.

Injini ya 300Tdi, lita 2.5 yenye tabo, hutumia dizeli kidogo kuliko 1HZ. Inachotaka ni umakini wa maji. Hedi yake ni ya aluminiamu, na kuna gasketi nyuma ya pampu ya maji, mafundi huiita gasketi ya P, ambayo huanza kuvuja kidogo kidogo bila kuacha dimbwi chini ya gari. Dereva anaongeza maji leo na kesho, siku anaposahau hedi inapinda. Ukiona chumvichumvi nyeupe kwenye ubavu wa injini karibu na pampu, usisubiri. Mbele, kagua zile duara za chuma nyuma ya magurudumu; zikiwa na vishimo vya kutu, sili hazishiki na oili inakwisha. Kwa kifupi 110 ni gari zuri kwa anayefungua boneti kila Jumamosi. Asiye na tabia hiyo atalichukia ndani ya mwaka mmoja, na kosa halitakuwa la gari.

Sasa Prado, ambayo kwa maoni yangu ndiyo jibu kwa wengi wanaouliza swali hili. 90, 120 na 150 zote zina chasisi, gia ya chini na, kwa nyingi, difu ya kati inayofungwa. Mbele kila gurudumu linajitegemea, nyuma kuna ekseli nzima kwenye koili. Kwenye mashimo makubwa gurudumu la mbele litaning'inia mapema kuliko la 110, lakini 150 nyingi zina ule mfumo wa kushika breki gurudumu linalozunguka, na ukijua kuutumia unapita. Usiachie mafuta pale gari linapotetemeka na kukwaruza. Shikilia mzunguko mdogo uleule ili breki zipate nafasi ya kufanya kazi. Wengi huachia pale pale, halafu wanasema mfumo ni wa maonyesho. Mjini inakata kona kwa mita 5.8 na stelingi yake haiyumbi kama ya mkonga.

Uchaguzi mgumu ni wa injini. Petroli ya 2.7, yaani 2TR, ni nzito kidogo mlimani na mjini itakupa kilomita saba hadi tisa kwa lita, ila haina ugonjwa wa kutisha. Dizeli ya 3.0 ya 1KD ina nguvu tamu, lakini kabla ya kulipa sikiliza ikiwashwa asubuhi ikiwa baridi. Chini ya kila nozeli, kipulizia dizeli, kuna washa ya shaba. Ikichoka, moshi wa mwako unapenya kuingia kwenye oili, masizi yanaganda na kuziba chujio lililo ndani ya sampu, bakuli la oili chini ya injini. Oili haipandi vizuri, tabo inakufa, kisha beringi za injini. Dalili ni mlio wa kugonga kwa dakika za mwanzo na oili inayonuka moshi. Fundi afungue sampu atazame chujio. Likiwa na ukoko mweusi, bei ya gari ishuke au uondoke. Dizeli ya zamani, 1KZ, kilema chake ni hedi kupasuka ikichemka: fungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa baridi, washa, tazama kama mapovu yanatoka mfululizo.

Kwenye 120 epuka TZ-G yenye mifuko ya hewa nyuma kama hutaki mkia ulale chini siku mpira unapochakaa. TX yenye springi za kawaida inatosha. Walioko Kenya, 120 mtaipata kwa aliyekwisha kuimiliki tu, kwa kuwa gari la zaidi ya miaka minane haliruhusiwi kuingizwa.

Jimny watu huicheka kwa udogo, lakini udogo ndio silaha yake. Toleo la 2018 lenye injini ya 1.5 lina uzito wa kama kilo 1,100, nusu ya mkonga. Pale ambapo gari zito linazama kwenye mchanga wa Rufiji, lenyewe linapita juu. Lina chasisi, ekseli nzima mbele na nyuma na gia ya chini, na njia nyembamba za Lushoto haziipi shida. Ukiagiza Japani angalia jina: Jimny peke yake ni ya cc 660, Jimny Sierra ndiyo ya 1.5. Hab zake za mbele hufungwa kwa uvutaji wa hewa kupitia mipira myembamba. Mipira ikipasuka, taa ya 4WD inapepesa na mbele hakuvuti. Stelingi ikianza kutikisika vibaya kwenye kilomita 70 kwa saa, usikimbilie kununua shokapu ya stelingi, anza na beringi za nakoo na bushi za fimbo inayoshikilia ekseli. Kibaya zaidi ni nafasi: abiria wanne wakikaa, buti inameza mkoba mmoja tu. Familia ya watoto watatu isijidanganye.

Anayetaka mwili wa katikati atazame Suzuki Escudo ya toleo lililoanza 2005, iitwayo pia Grand Vitara. Nyingi zina gia ya chini na loki ya difu ya kati kwa bei iliyo chini ya Prado. Ajabu ni kwamba wengi huikwepa, wakanunua RAV4, Vanguard au Harrier, magari mazuri ya lami na vumbi kavu yasiyo na gia ya chini kabisa. Klachi inayopeleka nguvu nyuma ikichemka kwenye tope, gari linabaki la mbele tu hadi lipoe. Na Harrier nyingi hazina hata hicho: chungulia chini nyuma, kama huoni difu wala shafti, ni gari la magurudumu mawili.

Chochote ukinunua, vitu viwili vya gharama ndogo vitakusaidia kuliko winchi. Cha kwanza ni geji ya upepo na pampu ya umeme wa betri. Mchanga mzito unataka upepo wa PSI 16 hadi 18 kwa magari makubwa, 14 hadi 16 kwa Jimny, na mwendo usizidi kilomita 30 au 40 kwa saa. Kokoto na vimatuta, shusha hadi 26 au 28, shokapu zitakushukuru. Ukirudi lami jaza tena hadi kiwango kilichoandikwa kwenye fremu ya mlango, la sivyo tairi linachemka na kuchanika ubavuni. Cha pili ni mipira ya kupumulia difu. Difu iliyochemka ikiingia ghafla kwenye maji baridi inavuta ndani, na kama kipumulio kiko chini inavuta maji. Unganisha mpira mrefu uupandishe hadi chini ya boneti, ufunge kwa klipu. Baada ya kuvuka mto, legeza boliti ya kujazia uchovye kidole: oili ikiwa rangi ya chai ya maziwa, mwaga yote siku hiyo hiyo.

Kabla ya kukabidhi fedha, lipeleke gari kwenye uwanja wa udongo laini. Weka 4L (foo-wili kwenye gia ya chini), funga difu ya kati kama ipo, kata stelingi hadi mwisho uende taratibu. Magurudumu yanapaswa kuburuza udongo kidogo na gari lisite. Likizunguka laini kana kwamba hakuna kilichobadilika, mbele hakujashika. Kisha rudi nyuma mita kumi ukiwa umenyoosha, toa loki, utazame taa izime yenyewe. Ikikataa kuzima, mota au waya wa loki umeganda, jambo la kawaida kwa Prado ambayo mwenyewe wa zamani hakuwahi kugusa gia ile. Muuzaji asiyekuruhusu kufanya hayo, tafuta mwingine.

Fundi wa magari,
Arusha