Kwa rafiki yangu, kuhusu Frans Witte na furu wa Ghuba ya Mwanza

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa wote wa nyumbani. Barua yako nimeipokea, pamoja na lile jedwali la watafiti wa ikolojia ya maji uliowapanga kwa idadi ya mara walizonukuliwa. Umeniuliza uanze kumsoma nani kabla hujaandika pendekezo lako la utafiti kuhusu Ziwa Victoria. Jibu langu ni Frans Witte wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, aliyefariki dunia mwaka 2013, na ninakusihi usimpime kwa safu ile ya mwisho ya jedwali lako, ya idadi ya kunukuliwa.

Witte na wenzake wa HEST, kikosi cha kuchunguza ikolojia ya furu, walianza kazi Mwanza mwishoni mwa miaka ya 1970, wakati furu, samaki wadogo wa spishi nyingi, walikuwa bado wamejaa ziwani na sangara, samaki mkubwa anayekula samaki wengine, alikuwa adimu katika Ghuba ya Mwanza. Walivuta nyavu za kukokota katika vituo vilevile mwaka hadi mwaka, wakawatenganisha samaki ambao mnunuzi wa mwaloni angewaita wote furu tu, wakaandika kila spishi inakula nini, inakaa kina gani na inazaliana wapi. Kazi ya namna hiyo haileti sifa za haraka, na leo ni vigumu kupata mfadhili wa kuilipia.

Katikati ya miaka ya 1980 sangara, aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, aliongezeka ghafla katika ghuba. Makala yao ya mwaka 1992 ilionyesha kwamba kati ya spishi zaidi ya 123 za furu zilizokuwa zikivuliwa vituoni, takriban 80 hazikuonekana tena baada ya mwaka 1986. Kwa kulinganisha na ziwa zima, walikadiria kwamba spishi 200 hivi kati ya zaidi ya 300 zilikuwa zimetoweka au zilikuwa hatarini kutoweka. Kadirio hilo limerudiwa na waandishi wengi mno, wengine bila kusoma jinsi lilivyopatikana, ilhali nguvu yake yote imo katika zile hesabu zilizokusanywa kabla sangara hajatapakaa.

Ninachomheshimia zaidi ni kwamba hakuishia hapo. Ingekuwa rahisi kumbebesha sangara lawama yote, lakini mwaka 1997 aliandika pamoja na watafiti wenzake Ole Seehausen na Jacques van Alphen katika jarida la Science wakieleza kwamba maji yalipochafuka kwa rutuba iliyozidi, mwanga ulififia, majike wakashindwa kutofautisha rangi za madume, na spishi zikaanza kuchanganyika. Mwaka 2003, katika makala iliyoongozwa na Egid Katunzi wa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, yeye na wenzake waliripoti furu aliyedhaniwa kupotea, ambaye zamani alikula wanyama wadogo sana waeleao majini, sasa amerudi na kubadili chakula. Mwaka 2008 Witte na wenzake walionyesha furu wa baada ya sangara kutapakaa akiwa na eneo la matamvua, yaani viungo vya kupumulia, lililokuwa limeongezeka kwa zaidi ya nusu katika miongo miwili. Ulinganisho huo uliwezekana kwa sababu samaki wa zamani walihifadhiwa, na wengi wao bado wapo katika makumbusho ya Naturalis mjini Leiden.

Huko Leiden kuwepo kwao kunaniumiza kidogo, nakiri, kwani mwanafunzi wa Mwanza anahitaji viza ili kuona samaki wa ziwa lake. Vilevile, makala hizi zimeandikwa kwa Kiingereza, na mvuvi aliyeona furu wakipungua wavuni hajaletewa matokeo kwa Kiswahili. Hata hivyo Witte alijua alikuwa mgeni wa nani: mwaka 1985 yeye na Els Witte-Maas walimpa furu mmoja jina la Mwalimu Nyerere, naye mpaka leo anaitwa nyererei katika vitabu vya sayansi.

Basi anza na makala ya 1992, uisome polepole sehemu ya mbinu, kisha uende kwenye ile ya Katunzi. Katika pendekezo lako utaje vituo gani vya zamani utavirudia, na kwa nini hivyo. Rasimu ikiwa tayari nitumie, nami nitaisoma yote.

Wako akupendaye daima.