Barua ya wazi kwa vijana wetu wa besiboli: kusaini si kutoboa

Wanangu mnaocheza besiboli pale Azania Dar es Salaam, Kampala, Lugazi na popote mlipo,

Najua mngekuwa mbele yangu mngeniamkia, basi marahaba. Nawaandikia kutoka Indianapolis, mji nilioufanya wangu kwa miaka mingi, ambako baada ya kustaafu nilipata kibarua cha kuwaonyesha watu viti vyao katika uwanja wa Victory Field. Hapo ndipo nyumbani kwa Indianapolis Indians, timu iliyo ngazi moja tu chini ya ligi kuu ya Marekani. Kwa hiyo besiboli ninayoijua mimi si ile ya kwenye simu zenu, ya watu wenye mikataba ya mamilioni. Mimi nawajua waliobakiza hatua moja, na wengi wao hawaivuki.

Mwaka 2022 Los Angeles Dodgers waliposaini vijana wawili wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male, nilifurahi kama wamesaini wajukuu zangu. Pittsburgh Pirates nao wakamchukua David Matoma, mrushaji, yaani yule anayemrushia mpira mwenye gongo. Picha zilizunguka, na chini yake watu wakaandika: "Ametoboa!" Hapo ndipo nilipoona nichukue kalamu. Kijana aliyesaini mkataba wa besiboli hajatoboa. Amepata ajira ya mafunzo, mshahara wake ni mdogo, na klabu inaweza kumwachisha wiki ijayo.

Mfano mzuri ni Gift Ngoepe wa Afrika Kusini. Mama yake alikuwa msafishaji na mpishi katika klabu ya besiboli ya Randburg, na familia iliishi humo humo klabuni, katika chumba kimoja. Mtoto alikulia uwanjani. Mwaka 2008, akiwa na miaka 18, Pirates walimsaini kwa dola 15,000. Leo ukimwambia mtu wa mtaani kwamba kijana amesainiwa na klabu ya Marekani, kichwani mwake anaona jumba la ghorofa. Ilikuwa dola 15,000.

Kisha ikaanza ngazi. Besiboli haifanani na mpira wa miguu, ambako kijana wa miaka 18 anaweza kupewa namba timu ya kwanza akianza kung'ara. Kila klabu kubwa ina timu zake ndogo zilizopangwa kwa daraja, na mchezaji hupanda moja moja, hukwama, hushushwa, hupanda tena. Ngoepe alipanda ngazi hiyo kwa zaidi ya miaka minane. Mama yake alifariki mwaka 2013, mwanawe bado yuko huko chini. Tarehe 26 Aprili 2017 ndipo alipoitwa kutoka hapa Indianapolis, timu ndogo ya Pirates, kwenda Pittsburgh, akawa mchezaji wa kwanza aliyezaliwa Afrika kucheza ligi kuu. Mara yake ya kwanza kushika gongo alikutana na Jon Lester wa Chicago Cubs, mrushaji mwenye pete za ubingwa, akaupiga mpira ukapita katikati, akafika bezi ya kwanza, kituo cha kwanza anachokimbilia mpigaji. Ningetamani kuishia hapo, maana hadithi nyingi huishia hapo.

Msimu ule alicheza mechi 28, akapiga mipira 12 salama katika majaribio 54. Mwaka uliofuata akiwa Toronto alicheza mechi 13, akapiga mmoja katika 18. Jumla mechi 41, na hakurudi tena ligi kuu. Besiboli ni mchezo ambao mpigaji anayefaulu mara tatu katika kumi huitwa nyota, lakini anayefaulu chini ya mara mbili hutafutiwa mtu wa kuchukua nafasi yake. Kilichompandisha Ngoepe hadi juu kilikuwa glavu yake. Kati ya bezi ya pili na ya tatu alikuwa fundi wa kudaka na kutupa, na klabu ilimvumilia gongo lake kwa sababu ya mikono yake. Nyinyi mnaopiga video za kupiga mpira hadi ng'ambo ya uzio, nani kati yenu amepiga video akidaka mpira wa chini mara mia?

Mimi simhesabu Ngoepe kuwa alishindwa. Nawaambia haya ili mjue kazi yenyewe ilivyo hata kwa aliyefanikiwa kuweka historia ya bara zima.

Sasa mshahara, maana hamtauliza ila mnataka kujua. Hadi mwaka 2022 mchezaji wa ngazi ya chini kabisa hapa Marekani alilipwa dola 4,800 kwa mwaka. Wachezaji hawa walijiunga na chama cha wachezaji, na mkataba wao wa kwanza wa pamoja, wa mwaka 2023, ukaipandisha hiyo hadi 19,800. Wa ngazi ya hapa Indianapolis ilikuwa dola 35,800. Ligi kuu, mwaka huo huo, kima cha chini kilikuwa dola 720,000. Ni hatua moja tu hiyo, na sisi wazee wa viti tunaitazama kila jioni. Wiki yao ni mechi sita, Jumanne hadi Jumapili. Saa tisa alasiri, kabla milango haijafunguliwa, wako uwanjani kwenye jua la Julai, kocha anawapigia mipira ya chini, wanadaka, wanarudisha, wanadaka tena, jezi zimeshalowa na mechi haijaanza. Kesho yake unamkuta mmoja hayupo. Ama ameitwa juu, ama ameachwa. Mashabiki hupiga makofi kwa wa kwanza. Wa pili hata jina lake halitangazwi.

Tena hapo nawaongelea walio Marekani. Nyinyi hamtaanzia huku. Serunkuma na Male walianzia Jamhuri ya Dominika, ambako klabu zote kubwa zina vituo vya kulelea vijana kutoka nje, na wachezaji wa ligi ile ya Dominika hawamo katika mkataba huo wa chama. Kwa hiyo usije ukasoma takwimu zangu ukampigia hesabu mjomba wako ya bati za nyumba. Huko kocha, mpishi na mwenzako wa chumbani watazungumza Kihispania. Anzeni kujifunza sasa. Maneno hata mia mbili yatamwokoa mtu upweke. Chakula msihofu, ni wali na maharage.

Nije kwenye jambo linaloniuma kuliko yote: umri. Kwenye soka yetu vijeba tumewazoea, tunawacheka, tunaendelea. Kwenye besiboli kijeba hukamatwa. Mwaka 2011 timu ya watoto wa Uganda ilishinda michuano ya kufuzu iliyochezwa Poland, ikawa imepata nafasi ya kwenda Williamsport, Pennsylvania, kwenye fainali za dunia za watoto. Haikwenda. Ubalozi wa Marekani uliwanyima viza kwa kutofautiana kwa tarehe za kuzaliwa kwenye karatasi. Watoto wamefanya kazi yao uwanjani, wakubwa wamewaangusha mezani. Mwaka 2012 timu ya Lugazi ndiyo iliyofika, ya kwanza kutoka Afrika. Na si sisi tu. Mrushaji mmoja wa Cleveland aliyejulikana kwa miaka kama Fausto Carmona alikamatwa Santo Domingo Januari 2012. Kumbe jina lake ni Roberto Hernández, na alikuwa mkubwa kwa miaka mitatu kuliko alivyodai.

Klabu haziruhusiwi kumsaini kijana wa nje kabla hajatimiza miaka 16, na mwenye 16 hupewa fedha nyingi kuliko mwenye 19 hata wakirusha sawasawa. Ndiyo maana atatokea mtu, pengine mtu mnayemheshimu, aseme tukupunguzie miaka miwili, nani atajua. Mkataeni. Nendeni RITA, ofisi ya Tanzania inayosajili vizazi na vifo, au ofisi ya nchi yenu inayohusika, mchukue cheti cha kuzaliwa, mhakikishe tarehe ni ile ile kwenye cheti, shule na pasipoti. Kama zinapishana, sahihisheni mapema, wala msingoje hadi mtu wa klabu aje na begi lake.

Warushaji nawaomba jambo moja la mkono. Kuna mshipa mdogo ndani ya kiwiko, si wa damu bali wa kushikilia mifupa, ambao ukikatika, mkono haurushi tena kwa nguvu. Mwaka 1974 daktari Frank Jobe alimfanyia Tommy John upasuaji wa kwanza wa kuuweka upya kwa mshipa uliotolewa sehemu nyingine ya mwili. Tommy John alirudi mwaka 1976 na kuendelea hadi 1989. Ndiyo, alipona, lakini alikuwa na daktari wa klabu pembeni yake na mshahara ukiendelea. Wewe wa Temeke au Lugazi kiwiko kikikatika nani anakulipia? Basi msirushe kwa nguvu zote kila siku ili video ipendeze. Kipimo cha kasi kitakungoja, na kiwiko kikianza kuuma ndani, pumzika hata kama kocha amekunja uso.

Kuhusu mkataba wenyewe, usomeni wote, kwa lugha mnayoielewa, mkiwa na mwanasheria ambaye halipwi na wakala. Ulizeni wakala anakata kiasi gani na anakata kwenye nini. Ulizeni nani anatibu ukiumia, na nani analipa nauli ya kurudi ukiachwa. Ulizeni pia fedha za masomo, kwa sababu klabu zinaweza kukubali kuziandika kwenye mkataba wa anayesaini, lakini kwa asiyeomba hawatazitaja. Mchezaji akiingia ligi kuu kwa siku 43 anakuwa na haki ya pensheni. Nalisema hilo kwa sababu wengi hawafikishi hizo 43, na wakati huo wana miaka 27 au 28 na hawajamaliza kidato cha nne.

Wazazi, mjomba, shangazi, nanyi mnasoma. Kijana akiwa Dominika msimtumie orodha ya ada na mazishi kila mwisho wa mwezi. Anaogopa kusema hana, atakopa kwa wenzake, kisha ataingia uwanjani na deni kichwani. Mpeni misimu mitatu bila kumdai kitu. Akirudi kabla ya hapo mpokeeni kama mlivyomsindikiza uwanja wa ndege, kwa watu wale wale, na arudi darasani muhula unaofuata.

Kijana aliyeletewa karatasi na hajapata wa kumsomea, amwombe mwalimu wake anitafute. Nitaisoma bure, nikiwa na mwanangu ambaye ni mwanasheria huku. Ila niletewe kabla ya saini.

Mzee wenu,
Indianapolis